Daktari Aliyetuomba Mate

Kabla hujamaliza kumsalimia mulembe, Daktari alikuwa ameshakutazama meno. Si kwamba alikosa adabu, la. Macho yake yalikuwa yamezoea kwenda huko, basi. Nilimwona matangani siku moja, mama mmoja analia mdomo wazi, na Daktari ameinamisha kichwa kwa heshima zote, lakini jicho liko kwenye gego la yule mama. Baada ya mazishi alimsogelea polepole. "Pole sana, mama yangu. Na lile la nyuma, upande wa kushoto, usiliache hivyo." Yule mama alikasirika, akasema huyu ni mtu wa aina gani. Wiki iliyofuata alikuja mjini akang'olewa, na Daktari hakumtoza kitu.

Kliniki yake na duka langu la kushona vilikuwa na baraza moja hapa Kakamega, ukuta mmoja katikati. Upande wangu cherehani inalia, upande wake mashine ya kutoboa meno inalia, na wateja wengine waliingia kwangu kwa makosa wakafurahi kweli kukuta ni nguo tu. Miaka yote hiyo yeye aliniita Fundi, mimi nikamwita Daktari. Ndivyo nitakavyomwita hata hapa, kwa sababu nikitaja jina lake ataniletea maneno. Namjua.

Alikuwa akihubiri kuhusu sukari kuliko mapasta wanavyohubiri kuhusu dhambi. Mtoto akipita barazani na peremende, anaitwa, anaoneshwa picha ya jino lililooza, anarudi kwao analia. Lakini sasa uione chai yake! Anakoroga sukari mpaka kijiko kinachoka. Akienda Butere kuona jamaa, anarudi na miwa imefungwa kwenye gazeti, anaitafuna kwenye ngazi ya nyuma akidhani simwoni.

"Daktari, na meno?" namuuliza.

"Meno yangu yananijua, Fundi. Tumeelewana."

Uongo mtupu. Shavu lilimvimba wakati mmoja likawa kama andazi, akazunguka nalo akisema ni upepo. Mke wake ndiye aliyempeleka kwa daktari mwenzake Kisumu, na nasikia alipoona sindano aliomba kwenda msalani akatokea mlango wa nyuma. Mganga hajigangi, wazee walisema, lakini huyu hata kugangwa alikuwa hataki.

Ana misemo yake pia. Ule aliourudia mpaka ukaniingia ni huu: "Mdomo hausemi uongo. Mwenye mdomo ndiye anasemanga." Mgonjwa anaapa kwamba anapiga mswaki asubuhi na jioni, Daktari anamfungua mdomo, anatazama. Kisha anautoa ule msemo wake, bila hasira. Mwingine ulikuwa wa nguo. "Nguo ni salamu ya kwanza," alisema, na kwa hilo nilimpenda, maana ndilo lililonilisha. Mimi ndiye niliyemshonea suti ya buluu, na aliivaa sokoni, kanisani, hata kukagua mahindi. Akikaa lazima kwanza avute suruali kidogo magotini, mstari wa pasi usivunjike. Kumbukeni hiyo suti, kwa sababu ndiyo iliyotuponza.

Sijui mate yalimwingiaje kichwani. Alipoanza kupunguza kung'oa meno akawa anafundisha chuoni siku mbili tatu kwa wiki, na huko akakutana na watu wanaosoma mate. Basi ikawa mate, mate, mate. Wengine wakizungumza mpira yeye anazungumza mate. Anaingia dukani na kompyuta yake, anasukuma vitambaa vya watu, anaiweka kwenye meza yangu ya kukatia.

"Fundi, unajua mate unayomeza kwa siku moja ni mengi kiasi gani?"

"Daktari, sijanywa chai bado!"

Lakini alikuwa na namna ya kueleza, huwezi kumkatalia. Alisema ndani ya mate mna protini, kila moja na kazi yake, na mna bakteria wa kila aina, wengine wabaya, wengi wao majirani wema tu. Alisema watafiti wa dunia wamejenga ghala moja kwenye mtandao. Mate yenyewe hayamo mle. Anayesoma mate ya watu wa kwao anaandika alichokuta, protini hizi, bakteria hawa, aliyeyatoa ni mzima au mgonjwa. Mwingine popote alipo anafungua ghala lile lile, anasoma, halipi hata shilingi. "Ghala ambalo ukichota halipungui," alisema, na sauti yake ikashuka kama mtu anayesali.

Halafu akaigonga meza yangu mpaka pini zikaruka. "Nimetafuta humu! Mate ya huku na huku yamo tele. Ya kwetu hata tone! Kwani sisi hatuna midomo?"

Nikamuuliza yakikosekana kuna hasara gani. Akaketi, akavuta suruali magotini. Akasema siku zinakuja mtu atapimwa ugonjwa kwa mate badala ya sindano. Kipimo kitaletwa hapa, kimetengenezwa kwa kulinganisha na watu wa kwingine, na mama wa Khwisero ataambiwa ni mgonjwa kumbe ni mzima, au aambiwe ni mzima kumbe anaumwa. "Watamlinganisha na nani, Fundi, kama wenzake hawamo?"

Mimi na mdomo wangu! Nikasema, mama yangu yuko Khwisero, ni mwenyekiti wa chama cha akina mama, wanafuga kuku na kulima mboga, wanamsikiliza. Ndivyo mama yangu alivyoingia katika mambo haya.

Sasa, mtu asiye wa kwetu ataona ni jambo dogo. Ni mate tu, si uteme uende? Lakini kwetu mate hayapeanwi ovyo. Mate ni baraka. Unaposafiri, mzee anakutemea kidogo kifuani, tfu, anasema maneno mazuri, unaondoka moyo umetulia. Na yule anayekutakia mabaya, husemwa huanzia hapo hapo, kwenye nywele zako, kucha zako, mate yako. Kwa hiyo mama alimhoji Daktari kwa simu, mimi nimeshika simu katikati ya baraza. Yanaenda wapi? Nani atayashika? Yakibaki yanafanywa nini? Daktari akajibu moja baada ya jingine. Kichupa kitaandikwa namba, si jina. Hayauzwi. Yatakayobaki yatafungiwa kwenye friji ya chuo.

Mama akafikiri siku kadhaa, kisha akasimama mbele ya wenzake. "Mimi ndiye nimeyashika," aliwaambia. "Yakipotea, niulizeni mimi." Mnaona alivyojiweka? Kwa mwanamke wa umri wake, mjane, ambaye mali yake kubwa kijijini ni jina lake, hayo hayakuwa maneno ya mchezo.

Walielezwa mapema kabisa. Siku ya kutoa mate, ukiamka usile, usinywe, usipige mswaki. Njoo ulivyoamka. Akina mama wakaitikia wote, ndiyo Daktari, ndiyo Daktari.

Siku ilipofika tulikwenda na kasha la barafu, na Daktari amevaa suti ya buluu na tai juu. Mama akatupokea, akataka kwanza avibariki vile vichupa, avitemee kidogo kazi iende vizuri. Daktari akaruka. "Hapana, mama, hapana! Utachanganya mate!" Mama akarudisha mdomo wake, lakini nilimwona hakupenda. Kisha wakaja mmoja mmoja. "Umepiga mswaki, mama?" "Hapana, Daktari." "Umekula?" "Hapana, Daktari." Wanatabasamu, meno yanang'aa, na yeye anawasifu. Alinigeukia akaninong'oneza kwamba watu wa Khwisero wana meno mazuri ajabu. Macho yale yaliyoona gego matangani, siku hiyo hayakuona kitu! Tulikula obusuma na ingokho, yaani ugali na kuku, Daktari akapewa imondo, ile firigisi ambayo hapewi mtu hivi hivi, tukarudi mjini tumeshiba na furaha.

Mate yalisomwa kwenye maabara Nairobi, Daktari akayapeleka majibu kwa walinzi wa ghala. Ikapita miezi. Siku moja akaingia dukani, akakaa kwenye benchi la wateja bila kuvuta suruali magotini. Nikajua kuna msiba.

"Wameyakataa, Fundi."

"Wamekataa nini?"

"Wanasema haya si mate ya mtu aliyetoka kuamka. Bakteria ni wachache mno, na mna vitu ndani visivyo vya mdomoni. Ama yaliharibika njiani ama yalichanganywa. Nisipoweza kueleza, hayaingii."

Mwingine angekaa kimya, atafute njia ya kuficha. Yeye alimpigia mama siku hiyo hiyo akamwambia vile yalivyo. Na maneno ya kijijini mnayajua. Jumapili ilikuwa ni "mate yamekataliwa." Kufikia Jumatano ni "yametupwa." Halafu ng'ombe wa mtu akafa, mtoto wa mwingine akapata homa, ikawa "yameuzwa." Wenzake mama wakaanza kumsalimia kwa mbali. Mama akampigia tena Daktari, mimi nikiwa pale pale, na kwa sauti niliyoisikia mara chache sana maishani mwangu akamwambia, "Daktari, kama mate ya wenzangu yamepotea, usilete tena mguu wako kwangu." Niliogopa kweli. Mama yangu hatishi, anafanya.

Mguu aliupeleka. Jumamosi iliyofuata tulikuwa sebuleni kwa mama, Daktari na suti yake, chai mezani hajaigusa. Alikuwa ameshajihukumu. Barafu iliyeyuka, alisema, ni kosa langu, sikuiangalia njiani. Lakini kuna jambo moja halimwingii akilini. Kwenye mate wamekuta alama za mnanaa, wamekuta chumvi nyingi, wamekuta vitu vya ganda la mti. Barafu haileti mnanaa.

Mama akapanga vikombe ambavyo vilikuwa vimeshapangwa.

"Daktari," akasema, "wewe siku ile ulikuja na tai."

"Ndiyo, mama."

"Mtu anakuja kwangu na tai. Daktari wa meno. Ananiambia, mama, fungua mdomo. Ulitaka niufungue na uchafu wa usiku?"

"Lakini mama, nilisema msipige mswaki."

"Ulisema. Na mgeni akikuambia usimpikie, wewe hupiki?"

"Kwa hiyo ulipiga."

"Nilipiga. Vizuri sana."

"Na nani mwingine alipiga?"

"Uliza ni nani hakupiga!"

Mama Nekesa, jirani yake, aliyekuwa ameketi karibu na mlango kusikiliza kama mate yake yameuzwa, akachekea puani. Akasema yeye alitafuna kijiti cha mpera alfajiri kabla kuku hawajashuka, kisha akasukutua. Na mke wa shemeji yake alitumia makaa na chumvi. Mwingine aliazima dawa ya meno ya kijana wake wa shule, ile yenye mnanaa, akaipitisha kwa wenzake wanne njiani. Kila mmoja alifanya kwa siri akidhani wengine wametii.

Jamani, Daktari alicheka! Alitoa miwani, akacheka mpaka machozi. "Mdomo hausemi uongo," akawa anarudia, "mdomo hausemi uongo! Mimi mwenyewe ningepiga. Marehemu mama yangu angenichapa, kwenda kwa daktari na mdomo wa usiku!" Kisha akajitazama, akaushika ule ulimi wa tai, akasema, "Ni hii. Niliwavalia salamu kubwa, nao wakaijibu." Niliona uso wa mama unalegea kidogo, lakini hakucheka. Mate yalikuwa bado hayajaingia ghalani, na jina lake lilikuwa bado mikononi mwa watu.

Tulirudi tena, mapema asubuhi, umande haujakauka. Daktari alikuwa na gambuti na ile fulana nzito ya kiwiko kilichotoboka ambayo nilikataa kuishona kwa aibu ya kuonekana nayo. Hakunywa chai, hakupiga mswaki. Akasimama uani mbele ya akina mama wote, akachukua kichupa. "Leo naanza mimi." Akakitemea pale pale, polepole, mpaka kikafika kwenye alama, watu wote wanatazama. Mama Nekesa aliyekuwa karibu akarudi nyuma, mkono puani. "Woi! Kumbe na wewe unanuka!"

"Kama mtu yeyote, mama."

Uwanja mzima ukaanguka kicheko. Baada ya hapo hapakuwa na shida, walitoa mate huku wakichekana, kila mmoja akimshtaki mwenzake kwamba wake ndio mdomo mbaya zaidi Khwisero.

Daktari akawaandikia walinzi wa ghala kila kitu, mswaki, mpera, makaa, tai, hata dawa ya meno ya kijana wa shule. Nilimwambia asitaje tai, watatucheka. Akasema ukweli haukatwi vipande kama kitambaa. Kisha tukangoja. Kila asubuhi anapita dukani, namtazama, anatikisa kichwa, anaingia kwake. Mama hakunipigia simu wiki zote hizo. Mimi ndiye nampigia, ananijibu mvua imenyesha, kuku wako sawa, kwaheri. Nilishona mkono wa kulia upande wa kushoto katika gauni la bi harusi. Sijawahi.

Siku ile nilisikia kelele upande wa pili wa ukuta, kiti kinasukumwa, na Daktari huyo barazani, glovu mkononi, amemwacha mgonjwa kwenye kiti na mdomo wazi.

"Yamo, Fundi! Yote yamo!"

"Ya pili?"

"Na ya kwanza! Watu wale wale, wakiwa wamepiga mswaki na wakiwa hawajapiga. Wanasema kupata watu wale wale hivyo si rahisi, wameyataka yote. Wameandika, kabla ya mswaki, baada ya mswaki. Khwisero, Kakamega. Fundi, tumo ndani!"

Nilimpigia mama nikamwambia. Nikasikia kiti kinalia, ameketi. Kisha akatoa pumzi ndefu, aaah, ya mtu aliyetua mzigo wa kuni kichwani. "Ngoja niwaambie," akasema, na hakukata simu, kwa hiyo niliwasikia wote, vigelegele kutoka mlango mmoja mpaka mwingine. Nililia juu ya gauni la watu, na sioni haya kusema. Kumbe shingo yangu ilikuwa ngumu miezi mizima na sikujua mpaka ilipolegea.

Daktari alikwenda kwenye mkutano wa chama akawaonesha kwenye simu. Ilikuwa ni safu za namba tu. Mama akaikaribia ile simu, akauliza, "Yangu ni ipi?"

"Siwezi kusema, mama. Ndiyo kazi ya namba."

Mama akafikiri. "Basi yote ni yangu," akasema, akaketi mahali pake pa mwenyekiti.

Hayo ni ya zamani kidogo. Siku hizi kliniki ni duka la simu, nami nasikiliza muziki wa bure kutwa nzima. Daktari na mke wake wamehamia Mautuma kwenye shamba lao la mahindi. Mwaka huu moyo ulimsumbua, akalazwa, tukashika vichwa, akatoka. Juzi juzi mimi na mama tulikwenda kumwona. Amekonda, nilimletea suti ya buluu nimeipunguza kiunoni. Kila baada ya maneno machache anameza funda la maji.

"Ni dawa," alisema. "Zinakausha mdomo. Mimi, Fundi! Mungu naye ana mzaha. Lakini wanasema mate yatarudi wakizipunguza. Yameshaanza kurudi. Juzi nimeota miwa nikaamka mto umelowa."

Tulicheka, na nilishukuru kumwona anacheka. Akatueleza kwamba kesho yake anasafiri kwenda Eldoret waangalie moyo mara ya mwisho, wakiridhika ndiyo basi. Mama akaweka kikombe chini.

"Unasafiri kesho?"

"Kesho, mama."

"Simama."

Alisimama, akishika kiti. Mama ni mfupi, alimfikia kifuani. Daktari akaelewa, akafungua kifungo cha juu cha shati mwenyewe, yule yule aliyeruka siku ile na vichupa vyake. Mama akamtemea kidogo, tfu, tfu, akamwambia aende na arudi, moyo wake upige kama ngoma ya arusi, azeeke mpaka achoke. Na amerudi kweli, wameridhika naye, alinipigia simu kutoka njiani akiomba nimwambie mke wake kwamba hajanunua miwa.

Lakini pale sebuleni, kabla hajafunga kifungo, alimtazama mama mdomoni, macho yale yale.

"Mama," akamuuliza, "umepiga mswaki?"

"Hapana, Daktari," mama akajibu, bila hata kupepesa.

Na asubuhi ile, mimi ndiye niliyemshikia mama jagi la maji ya kusukutulia.